Ziara ya jetiski Zanzibar: Mwongozaji analipwa akuchunge au akuharakishe?

Sikia. Mbogi yenu imeshaanza kuchanga pesa za Desemba, na safari hii hamtaki Diani tena. Mnataka Zanzibar. Kuna msee amepata kampuni ya safari kule Instagram inayokubali lipa pole pole: basi hadi Dar es Salaam, feri ya kama saa mbili hadi Unguja, siku nne Nungwi, na mwisho wa orodha, kwa herufi nene, "ziara ya jetiski pamoja na mwongozaji". Hapo ndipo grupu ya WhatsApp inawaka moto. Kila mtu anataka ile video, maji ya buluu nyuma, miwani ya jua, nywele zikipeperuka. Hakuna anayeuliza swali hata moja.

Basi wacha niulize mimi: huyo mwongozaji ni nani, na kazi yake hasa ni gani?

Hilo neno ndilo linalokutoa hofu, ujue. Hujawahi kuendesha chombo baharini. Hauna leseni. Pengine kuogelea kwako ni kule kwenye bwawa la hoteli, upande ambao maji yanafika kiunoni. Lakini umeambiwa kutakuwa na mtu mbele, basi roho inatulia na unatuma M-Pesa. Na si wewe tu. Kuna nchi ambazo sheria yenyewe imejengwa juu ya huyo mtu. Ufaransa, hadi visiwa vyake vya joto kama Guadeloupe, asiye na leseni anaruhusiwa kushika usukani wa jetiski akiwa tu kwenye matembezi yanayoongozwa na mkufunzi mwenye cheti. Yaani leseni uliyokosa wewe imo mikononi mwa yule aliye mbele. Ndiyo maana ukinunua "ziara ya kuongozwa", mashine ni nusu tu ya ulicholipia. Nusu ya pili ni macho ya mtu mwingine, na mamlaka yake ya kukwambia "simama". Hiyo nusu ya pili ndiyo isiyoonekana kwenye picha, na ndiyo ya kwanza kukatwa bei ikishushwa.

Tuanze na mashine, kwa sababu ukishaielewa utajua kwa nini nakuwa mkali hivi.

Jina lenyewe, Jet Ski, ni chapa ya Kawasaki, waliyoanza kuiuza Marekani miaka ya mapema ya 1970. Tukaitumia kwa kila kitu cha aina hiyo, vile tulivyofanya na Blueband. Jetiski haina propela inayoning'inia nje kama ya mashua. Ina pampu tumboni. Inafyonza maji kutoka chini, inayatema nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Ukizungusha usukani, unachogeuza ni huo mdomo wa nyuma. Kinachokupinda ni maji yanayotoka. Maji yasipotoka, hakuna cha kukupinda.

Sikumaliza chuo, lakini fizikia hii haihitaji cheti. Fikiria uko kwenye boda Thika Road. Mbele kuna matatu imekata ghafla. Mkono wako unafanya nini bila kuuliza kichwa? Unaachilia mafuta, unashika breki, unakwepa. Sasa peleka mkono huo huo baharini. Unaona mashua mbele, unashtuka, unaachilia mafuta. Pampu inaacha kutema maji. Usukani bado uko mikononi, unauzungusha mpaka mwisho, lakini jetiski inateleza mbele moja kwa moja kuelekea kile kile unachokikimbia. Ili kukwepa ungepaswa kushikilia mafuta na kupinda. Mwili wa binadamu aliyeogopa haufanyi hivyo mpaka ufundishwe. Kuna mashine mpya zilizowekewa mfumo wa kusimamisha, Sea-Doo walianza nao mwaka 2009, lakini usitegemee kwamba ile iliyochoka kwa chumvi ufuoni ni ya kizazi hicho. Uliza.

Hii si nadharia ya mtu wa mtandaoni. Mwaka 1998 bodi ya Marekani inayochunguza ajali za uchukuzi, NTSB, ilichapisha utafiti kuhusu vyombo hivi. Ikakuta ndivyo vyombo pekee vya burudani majini ambavyo watu wengi zaidi walikufa kwa kugongwa kuliko kwa kuzama. Soma hiyo tena. Umevaa jaketi la kuokoa maisha, unaelea vizuri sana, na bado mwenzako wa mbogi anakuja kwa kasi ya gari la barabara kuu, ameachilia mafuta, anazungusha usukani uliokufa.

Angalia pia hiyo "mwenzako". Tishio kubwa kwenye ziara si papa, si wimbi. Ni yule beshte aliyekuwa anakunyunyizia maji akicheka, kwa sababu ndiye aliye karibu nawe, na ndiye asiyejua chombo kinavyosimama.

Halafu kuna anayekaa nyuma. Wazalishaji wenyewe hubandika onyo kwenye mashine, na nimeona likiwa limefunikwa na stika ya timu ya mpira. Linasema mtu akianguka nyuma karibu na ule mdomo wa maji, maji yanaweza kuingia mwilini kwa nguvu kupitia sehemu za siri na kuumiza vibaya viungo vya ndani. Ndiyo maana onyo hilo hilo linataka kila aliyepanda avae suruali ya kuogelea ya mpira mzito. Sasa niambie ni video gani ya likizo umewahi kuona aliyeketi nyuma amevaa hivyo. Bikini ndiyo sare. Sikukatazi. Nakwambia tu kilichoandikwa chini ya stika. Angalau shikilia kiuno cha dereva vizuri, na dereva asiondoke kwa kurusha mkono mpaka mwisho ili akuone ukipiga kelele. Hivyo ndivyo watu wanavyoangukia nyuma.

Sasa mwongozaji anaingia wapi?

Mwongozaji anayeifanya kazi yake huanza mkiwa bado mmesimama mchangani. Anawaonyesha kamba ya kuzimia injini, ile inayofungwa kwenye kifundo cha mkono au kwenye jaketi ili ukianguka injini ife na jetiski isikuache ukielea peke yako. Anawaambia lile jambo la mafuta na usukani, kisha anampeleka kila mmoja kwenye maji yaliyo wazi afanye mwenyewe: kimbia kidogo, achilia, ona usukani unavyokufa, rudisha mafuta, pinda. Anawafundisha ishara za mkono. Anawapanga foleni, mmoja nyuma ya mwingine, na anasema mwachiane nafasi kiasi gani. Anamweka aliye mwoga nyuma yake kabisa, na mwenye kiherehere pale anapoweza kumwona. Anaangalia nyuma kila mara. Anajua maji yako wapi leo, yanajaa au yanapwa, na mwamba gani unatokeza saa ngapi. Mmoja wenu akivunja foleni, ziara inasimama.

Kwa mtu asiyekimbizwa, hayo huchukua dakika kama kumi na tano.

Nilipokuwa Nungwi, somo tulilopewa lilikwisha kabla mwenzangu hajamaliza kujipaka mafuta ya jua. "Kaka, rahisi tu. Bonyeza hapa uende, achia usimame." Basi. Achia usimame! Yaani sentensi moja, na ndani yake lile lile kosa linalowagonganisha watu. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Alikuwa mpole, alikuwa fundi, alisimama juu ya mashine yake kama amezaliwa hapo. Lakini nyuma yake walikuwa wamepanga foleni wateja wengine, na mtu mwenye daftari chini ya mwavuli alikuwa anaangalia saa.

Huyo wa mwavuli ndiye habari yenyewe.

Hebu tufuate pesa yako. Umeinunua ziara kwa kampuni ya Nairobi. Kampuni ya Nairobi imeinunua kwa mtu wa Unguja. Au umeipata papo hapo ufuoni kutoka kwa papasi, ndivyo Wazanzibari wanavyowaita vijana wanaokuganda ukishuka tu, kwa sababu papasi ni kupe, na ukikaa siku mbili utaelewa jina limetoka wapi. (Usiwadharau lakini. Ni vijana wa rika lako, na ajira wanayoitafuta ni ile ile unayoitafuta wewe.) Papasi anachukua chake. Hoteli ikiwa imekuelekeza, nayo inachukua chake. Mwenye mashine ana mafuta ya kununua, vipuri vya kuagiza, na chumvi inayokula kila kitu. Mwisho wa mnyororo ndio yuko yule kijana aliye mbele yako majini. Akiwa analipwa kwa idadi ya safari anazomaliza kwa siku, basi kila dakika anayokufundisha mchangani inatoka mfukoni mwake. Wewe ulidhani umemlipa akuchunge. Mfumo unamlipa akuharakishe.

Na ukipigania bei mpaka ishuke nusu, ukarudi kwa grupu ukijisifu, jiulize hiyo nusu imekatwa wapi. Bei ya petroli haishuki kwa sababu wewe ni mjanja wa Eastlands.

Kuna jambo limekuwa likinikera tangu Julai 2025. Tanzania Bara ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, na kuongoza watalii ikawa mojawapo. Wakenya tulipiga kelele, Watanzania wakajibu, X ikawaka wiki nzima. Hoja ilikuwa moja tu: nani ana haki ya kazi hii, mwenyeji au jirani? Sawa, hoja ya maana, siasa ya mkate. Lakini katika kelele zote sikusikia mtu akiuliza swali la pili: kazi yenyewe inalipwaje, inafundishwaje, na anayeifanya ana uwezo gani wa kumkatalia mteja mlevi bila kufukuzwa jioni hiyo? Kazi tukaigombania kama mfupa bila kuangalia kama una nyama.

Zanzibar hii haichezi na utalii. Mwaka 2024 ilipokea wageni zaidi ya 700,000. Serikali ya Dkt Hussein Mwinyi imeufanya uchumi wa buluu kuwa wimbo wake tangu 2020, na kuna wizara nzima yenye jina hilo. Sisi nasi tuliandaa kongamano la dunia kuhusu jambo hilo hilo Nairobi, Novemba 2018. Vyombo vya kusimamia vipo pande zote mbili. Unguja kuna Mamlaka ya Usafiri wa Baharini, ZMA, ya kusajili vyombo, na Kamisheni ya Utalii ya kutoa leseni za biashara za wageni. Kwetu kuna KMA pale Mombasa, na tangu 2018 kuna Walinzi wa Pwani. Kwa hiyo ukiambiwa ufuoni kwamba "hapa hakuna mambo ya karatasi", huyo anakudanganya. Karatasi zipo. Swali ni kama yeye anazo. Omba kuziona kabla ya kulipa, kwa adabu, kama vile unavyoangalia stika ya bima kwenye kioo cha matatu. Mwenye nazo hakasiriki.

Tukiwa kwenye karatasi, kuna ile utakayosainishwa wewe. Mara nyingi ni ukurasa mmoja kwa Kiingereza cha wakili, na maana yake kwa Kiswahili cha mtaani ni hii: likitokea lolote, ni juu yako, ukiharibu mashine, utalipa. Watu wanasaini kama wanasaini kitabu cha wageni. Isome. Mahali pa kuangalia ni palipoandikwa kiwango cha fidia, na nani anaamua kama mkwaruzo ni mpya.

Hapo dunia imeshatupa funzo, na lilitoka Thailand. Kisiwa cha Phuket na mji wa Pattaya vilipata jina baya miaka mingi kwa mchezo mmoja: unarudisha jetiski, mwenyewe anainama, anaonyesha mkwaruzo chini, anataja pesa ya kukutoa machozi, na wenzake wanakuzunguka. Mwaka 2009 kipindi cha televisheni cha Uingereza, Big Trouble in Tourist Thailand, kilionyesha wanajeshi wa majini wa Uingereza wakibanwa hivyo hivyo Phuket. Wanajeshi, buda. Sasa wewe na mbogi yako? Dawa ni rahisi na haina gharama: kabla hujapanda, izunguke jetiski yote na simu ikirekodi, chini pia, huku mwenyewe akisikika akisema iko sawa. Simu unayo tayari mkononi, ulikuwa unaitoa kwa sababu ya TikTok.

Bima nayo ina mtego wake. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje wanunue bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima. Wengi hulipa, hupata ile msimbo ya kuonyesha uwanja wa ndege au bandarini, na kazi imekwisha. Lakini bima za safari kwa kawaida zina orodha ya vitu visivyolipiwa, na michezo ya majini yenye injini hupenda sana kukaa kwenye orodha hiyo. Basi usiulize tu "nina bima?" Uliza "nina bima nikiwa juu ya jetiski?" Na ujue kwamba mwenye mashine akikwambia "tuna bima", huenda anazungumzia mashine yake. Mguu wako ni hesabu nyingine. Nungwi iko zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini, na hospitali kuu ya Mnazi Mmoja iko mjini.

Sasa hili linalofuata ni kwa kina dada hasa, lakini wanaume msiruke.

Serikali ya Marekani, katika ilani zake za usafiri kuhusu Bahamas za miaka ya karibuni, imewaonya raia wake waziwazi kuhusu wakodishaji wa jetiski. Imesema kuna watalii waliodhulumiwa kingono na waendeshaji hao, na ikawakataza wafanyakazi wake wenyewe kukodi jetiski kwa wakodishaji wa kujitegemea katika visiwa vya New Providence na Paradise. Hiyo ni Bahamas, si Unguja, na sitaki mtu atoke hapa akiwapaka matope vijana wa Nungwi. Lakini hali inayozalisha hatari hiyo haina pasipoti. Chombo kinaenda kasi, kinakufikisha mbali na macho ya watu kwa dakika mbili, na usukani ni wa mtu usiyemjua jina. "Ziara ya kuongozwa" inaweza kumaanisha kila mteja kwenye mashine yake na mwongozaji kwenye yake. Inaweza pia kumaanisha wewe nyuma yake, mikono kiunoni mwake, mkielekea fungu la mchanga ambalo wenzako hawalioni. Hizo ni ziara mbili tofauti kabisa na mara nyingi zinauzwa kwa jina moja. Ulizeni ni ipi kabla ya kulipa. Nendeni wawili wawili. Aliyebaki ufuoni ajue mnaelekea wapi na mnarudi saa ngapi. Na mwanamume wa kundi asiseme "ah, unaogopa nini". Anajua anachoogopa.

Pombe sitaieleza. Una akili.

Nataka turudi kwenye maji yenyewe, kwa sababu kuna watu walikuwepo kabla yetu. Umewahi kujiuliza kwa nini jetiski zimejazana Nungwi na Kendwa, si Paje au Jambiani? Ni maji. Pwani ya mashariki ya Unguja maji yakipwa yanaenda mbali kabisa, unaweza kutembea mpaka karibu na mwamba. Kule kaskazini hayaendi mbali hivyo, kwa hiyo chombo kinaelea karibu siku nzima. Kule mashariki, kwenye maji mafupi, ndiko akina mama wanakolima mwani tangu mwisho wa miaka ya 1980, na tayari wanagawana maji hayo na watalii wa tiara za baharini. Kaskazini nako si ufuo wa picha tu. Nungwi ni kijiji cha wajenzi wa majahazi na wavuvi. Ile ngalawa unayoipita kwa kishindo imetega nyavu. Wimbi lako linampiga mzee aliyesimama kwenye chombo chembamba, na wewe umeshafika mbali, hata hukumwona.

Wanyama je? Kati ya Julai na Septemba hivi nyangumi hupita pwani yetu hii, na pomboo wapo mwaka mzima. Hawaii, ambako utalii wa bahari ni mkate wa kila siku, walikata shauri zamani: magharibi na kusini mwa kisiwa cha Maui, jetiski haziruhusiwi kuanzia tarehe 15 Desemba hadi 15 Mei, wakati wa nyangumi. Miezi mitano ya msimu wa pesa, na utalii wao haukufa. Kwetu, mwongozaji akiona pezi la pomboo anajua wateja wanataka kukimbiza. Akikataa, bakshishi inapungua. Akikubali, video yako itapata watazamaji. Usimweke kijana katika hali hiyo. Mwambie kabla hamjatoka kwamba hamtaki kufukuza chochote, umwondolee mzigo huo kabisa.

Na msidhani haya ni ya Unguja pekee. Mombasa nayo ni kisiwa. Nenda Pirates siku ya Krismasi uone: maelfu majini, watoto wameshikilia matairi, wengi wao wameona bahari kwa mara ya kwanza, na katikati yao jetiski inapita kutafuta mteja. Pale hakuna hata anayejiita mwongozaji. Kinachohitajika si kongamano. Ni maboya ya kutenga njia ya vyombo na sehemu ya waogeleaji, na mtu wa kusimama hapo kuhakikisha hayavukwi. Kaunti ina uwezo wa kununua maboya. Vijana wa ufuoni wanaoijua bahari hiyo tangu utotoni wapo, wafunzwe, wapewe cheti, walipwe kwa siku badala ya kwa safari. Akilipwa kwa siku, zile dakika kumi na tano za mchangani hazimgharimu chochote.

Basi hiyo ziara yenu, mwende? Mimi ningeenda tena. Si uongo, ukiwa pale nje asubuhi, maji yametulia, Tumbatu inaonekana upande mmoja, unaelewa kwa nini watu wanachanga mwaka mzima. Nendeni asubuhi, kwa sababu Desemba ni kaskazi na mchana upepo huchafua maji. Muulizeni mwenyeji maji yanajaa saa ngapi siku hiyo. Waongozwa wasizidi idadi ambayo mtu mmoja anaweza kuiangalia akigeuza shingo mara moja. Mkifika mchangani, kabla ya mtu kuwasha, mwambieni yule kijana kwa heshima: "Kaka, tuonyeshe kwanza usukani unavyokuwa tukiachilia mafuta." Akishangaa kwamba mnajua, mmempata wa kumwamini. Akisema haina haja, bado mko nchi kavu na hamjalipa.

Na ile bakshishi mpeni yeye mkononi, asiipitishe kwa mtu wa mwavuli.